Kinanda cha kwaya kimekwama baada ya kusasishwa? Hatua za kukirudisha

Kinanda kilikuwa kinafanya kazi vizuri. Mpiga kinanda akapakua toleo jipya la programu yake, akaliweka kwenye flashi na kuanza kusasisha. Katikati ya kazi umeme ukakatika, au asilimia zikasimama bila kusogea. Sasa kikiwashwa kinaonyesha nembo ya kampuni tu, au ujumbe wa kosa, au skrini inabaki nyeusi. Na ibada ni keshokutwa.

Katika makazi mengi ya wakimbizi, kinanda cha umeme ni mali ya watu wengi. Kimenunuliwa kwa michango ya waumini, na hupigwa kanisani, kwenye harusi na kwenye matanga. Kikinyamaza, maswali huanza: nani alikigusa, nani atalipa, kwa nini hakuuliza kwanza? Wakati watu wanabishana, mtu mwingine anakifungua kwa bisibisi, na tatizo lililokuwa dogo linakuwa kubwa.

Makala hii inaeleza nini hutokea kusasisha kunaposhindwa, unachoweza kufanya wewe mwenyewe, na wakati gani upeleke kinanda kwa fundi.

KWA UFUPI

• Kinanda kilichokwama wakati wa kusasishwa mara nyingi hakijafa. Vingi hurudi vikisasishwa upya kwa njia sahihi.
• Usikifungue. Usijaribu faili la modeli nyingine.
• Tumia faili kutoka tovuti ya kampuni iliyotengeneza kinanda, flashi iliyofomatiwa vizuri, na umeme usiokatika.
• Kabla ya kumpa fundi kinanda cha kundi, andikeni makabidhiano.

NINI HASA KIMETOKEA?

Kinanda cha kisasa ni kompyuta ndogo yenye vibonye vya kupigia. Ndani yake kuna programu inayosoma kibonye ulichobonyeza, inayochagua sauti na kuendesha midundo. Mafundi huiita fimuweya. Imeandikwa ndani ya chipu ya kumbukumbu na hubaki humo hata kinanda kikizimwa.

Kusasisha maana yake ni kufuta programu ya zamani na kuandika mpya mahali pake. Kazi ikikatika katikati, chipu inabaki na nusu ya programu. Kinanda kikiwashwa kinaanza kusoma, kinafika mahali palipo patupu, kinasimama.

Kwa bahati nzuri, vinanda vingi vina sehemu mbili za programu. Ya kwanza ni ndogo, na kazi yake ni kukiamsha kinanda na kuangalia kama kuna faili jipya kwenye flashi. Ya pili ni kubwa, na ndiyo inayopiga muziki. Katika vinanda vingi, kusasisha hugusa ile kubwa tu. Ile ndogo ikiwa bado nzima, kinanda kinaweza kupokea programu upya hata kama hakitoi sauti yoyote. Hatua zote zilizo hapa chini zinategemea hilo.

KWANZA: JE, TATIZO NI PROGRAMU KWELI?

Usianze kusasisha upya kabla ya kuangalia dalili.

Taa haiwaki kabisa na skrini haina hata mwanga. Anza na umeme. Jaribu tundu jingine la ukutani, kisha adapta nyingine ya aina ileile. Adapta iliyoungua wakati umeme ulipokatika na kurudi kwa nguvu ni jambo la kawaida. Angalia volti zilizoandikwa kwenye kinanda na kwenye adapta. Vinanda vidogo vya Yamaha vya PSR-E kwa kawaida hutumia volti 12, lakini vikubwa vya PSR-S na PSR-SX hutumia volti 16. Kinanda cha volti 16 kikipewa adapta ya volti 12 kinaweza kukataa kuwaka au kuzimika chenyewe, nawe ukadhani programu imeharibika. Angalia pia mchoro wa alama za kujumlisha na kutoa karibu na tundu. Baadhi ya vinanda vya zamani vya Casio vina alama ya kutoa katikati, na adapta ya kinyume inaweza kuviunguza.

Skrini inawaka, inabaki kwenye nembo au kwenye asilimia. Hii ndiyo dalili kuu ya kusasisha kulikoshindwa. Endelea na hatua.

Skrini inaonyesha ujumbe wa kosa. Upige picha kwa simu kabla ya kuzima. Ujumbe huo utamsaidia sana fundi au watu wa huduma wa kampuni.

Kinanda kinawaka kawaida lakini sauti ni za ajabu, midundo haipo, au mipangilio imevurugika. Programu huenda ni nzima na kilichoharibika ni mipangilio. Ruka hadi sehemu ya kurudisha mipangilio ya kiwandani.

Je, bado kinasasisha? Kama asilimia zimesimama na hujakizima, kiache. Baadhi ya vinanda hukaa kimya dakika kadhaa wakati wa kuandika sehemu kubwa ya programu. Ukiwa na umeme wa uhakika, subiri angalau nusu saa kabla ya kukata tamaa. Watu wengi huharibu kazi iliyokuwa inaendelea vizuri kwa sababu ya kukosa subira.

KWA NINI KULISHINDWA?

Ukirudia kosa lilelile utapata jibu lilelile. Fikiri ni lipi kati ya haya lililotokea.

Umeme. Jenereta liliishiwa mafuta, betri ya sola ilishuka, au mtu alichomoa waya ili achaji simu.

Faili halikushuka lote. Bando likiisha katikati, simu inaweza kubaki na faili lenye jina kamili lakini pungufu. Linganisha ukubwa wa faili lako na ule ulioandikwa kwenye tovuti.

Jina la faili limebadilika. Ukipakua faili moja mara mbili, simu au kompyuta huongeza alama kama (1) mwishoni mwa jina. Kinanda kinatafuta jina kamili lililotolewa na kampuni, hivyo faili lenye (1) hakilioni. Watu hupoteza siku nzima kwa kosa hili dogo.

Faili bado limefungwa. Kampuni nyingi hutoa faili la zip. Lazima ulifungue na kutoa kilichomo ndani kabla ya kuliweka kwenye flashi.

Faili liko ndani ya folda. Kwa vinanda vingi faili la kusasisha linatakiwa kukaa wazi kwenye flashi, nje ya folda yoyote.

Flashi yenyewe. Flashi kubwa za zaidi ya GB 32 mara nyingi huja na mfumo wa exFAT, na vinanda vingi hutaka FAT32. Pia ziko flashi bandia sokoni: imeandikwa GB 64 lakini ndani ni GB 8. Unaweka faili, linaonekana, kumbe limeandikwa nusu.

Faili la modeli nyingine. PSR-S670 si PSR-S970. Korg Pa600 si Pa700. Majina yanafanana, programu hazifanani.

UNACHOHITAJI

• Jina kamili la modeli. Lisome kwenye kibandiko kilicho chini au nyuma ya kinanda, si kwa kukumbuka.
• Kitabu cha maelekezo cha modeli hiyo. Kampuni kubwa kama Yamaha, Korg, Roland na Casio huviweka bure kwenye tovuti zao.
• Flashi ndogo ya chapa inayoaminika, ya GB 4 hadi GB 32.
• Kompyuta. Kama huna, simu ya Android yenye waya wa OTG inaweza kutosha.
• Adapta halisi ya kinanda, na umeme wa uhakika kwa saa moja.

HATUA ZA KUKIRUDISHA

1. Zima, chomoa kila kitu. Toa flashi, pedali, waya wa spika na waya wa kompyuta. Chomoa adapta na usubiri dakika tano. Kisha washa kinanda kikiwa kitupu. Wakati mwingine hii peke yake inatosha, kwa mfano kinanda kilipokuwa kinasubiri kusoma flashi mbovu.

2. Pakua faili upya. Usitumie lile la mwanzo hata kama unaamini ni zima. Nenda kwenye tovuti ya kampuni, tafuta modeli yako, fungua sehemu ya msaada na upakue. Kwa kawaida ni bure. Jihadhari na watu wanaouza programu za vinanda kwenye WhatsApp na Telegram. Huwezi kujua faili hilo ni la modeli gani wala nani amelibadilisha. Kama mtandao wa kambi ni dhaifu, pakua usiku sana au alfajiri, watumiaji wanapopungua.

3. Soma maelekezo yaliyokuja na faili. Baadhi ya matoleo yanahitaji uanze na toleo la kati kabla ya kwenda la mwisho. Hapo ndipo utaona pia vitufe vya kushikilia wakati wa kuwasha.

4. Fomati flashi kwa FAT32. Hii hufuta kila kitu kilichomo. Kama mna midundo ya sebene na rumba mliyoinunua au kutengeneza, ihamishieni kwanza kwenye kompyuta. Kwa kawaida ni vizuri flashi ifomatiwe na kinanda chenyewe, lakini kinanda kilichokwama hakiwezi, kwa hiyo tumia kompyuta.

5. Weka faili kwenye flashi. Fungua zip, chukua faili la kusasisha, liweke wazi kwenye flashi. Usibadilishe jina wala herufi za mwisho wa jina. Kwa Korg za familia ya Pa, faili huishia na .pkg. Flashi isiwe na kitu kingine chochote. Itoe kwenye kompyuta kwa utaratibu, usiichomoe ghafla.

6. Andaa umeme. Kwa sola, fanya kazi hii kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana jua likiwa kali. Zima televisheni na mashine ya kunyolea, na waombe watu wasichaji simu kwa muda huo. Kwa jenereta, jaza mafuta kwanza. Usiunganishe kinanda moja kwa moja na betri ya sola hata kama vyote vimeandikwa volti 12. Betri ikiwa inachajiwa inaweza kufika zaidi ya volti 14, na hiyo inatosha kuharibu bodi ya ndani. Tumia inveta pamoja na adapta halisi.

7. Washa kinanda kwenye hali ya kusasisha. Chomeka flashi kwenye tundu bapa la USB, lile linalopokea flashi, si lile la mraba linalokwenda kwenye kompyuta. Usitumie kigawanyaji cha USB. Kisha shikilia kitufe au vitufe vilivyotajwa na kitabu chako huku ukiwasha. Kwa mfano, Yamaha Montage na MODX huwashwa huku umeshikilia kitufe cha UTILITY. Modeli nyingine zina vitufe vyao. Usibahatishe: baadhi ya michanganyiko hufuta data.

8. Subiri, usiguse. Mtu mmoja akae karibu na kinanda na mwingine karibu na tundu la umeme, ili mtoto au mgeni asichomoe waya. Usizime mpaka skrini iseme kazi imekamilika.

9. Zima, toa flashi, washa. Kikiwaka kawaida, fungua ukurasa unaoonyesha toleo la programu na uhakikishe namba ni ile uliyopakua.

Ikishindikana mara ya kwanza, rudia kwa flashi nyingine ya chapa tofauti. Tofauti ya flashi peke yake imeokoa vinanda vingi. Ukishajaribu flashi mbili tofauti na faili lililopakuliwa upya bila mafanikio, acha. Kuendelea kujaribu hakutaongeza kitu.

KURUDISHA MIPANGILIO YA KIWANDANI

Watu wengi huchanganya kazi hii na kusasisha. Kurudisha mipangilio hufuta yale mliyohifadhi wenyewe na kukirudisha kinanda kama kilivyotoka dukani. Hakutengenezi programu iliyoandikwa nusu. Kunasaidia kinanda kinapowaka lakini kinafanya mambo ya ajabu, na ni vizuri kufanya hivyo baada ya kusasisha kufanikiwa.

Kwenye vinanda vidogo vya Yamaha vya PSR-E, shikilia kibonye cheupe cha mwisho upande wa kulia huku ukiwasha. Hii hufuta mipangilio iliyohifadhiwa. Ukishikilia kibonye hicho pamoja na vibonye vyeusi vitatu vya mwisho upande wa kulia, utafuta pia nyimbo na midundo iliyoingizwa kutoka nje. Kwa modeli nyingine, fuata kitabu.

Kumbuka: vinanda vingi vidogo havina kabisa njia ya mtumiaji kusasisha programu. Mtu akikuambia anaweza kukisasisha kinanda cha namna hiyo ili kipate sauti mpya, muulize akuonyeshe faili hilo kwenye tovuti ya kampuni.

IKIBIDI KWENDA KWA FUNDI

Fundi wa redio na simu wa senta anaweza kubadilisha tundu la adapta lililolegea au kutengeneza waya. Kuandika upya chipu ya kumbukumbu ni kazi nyingine. Inahitaji kifaa maalumu na faili sahihi la chipu hiyo. Njia nyingine ni kubadilisha bodi kuu, na bodi huwa ghali.

Ukiwa Nakivale, mji mkubwa wa karibu ni Mbarara. Ukiwa Kyangwali, ni Hoima. Kazi ngumu zaidi mara nyingi huishia Kampala. Kabla ya kulipa nauli, piga simu na uulize:

• Umewahi kurudisha kinanda cha modeli hii baada ya kusasisha kushindwa?
• Utaandika chipu upya, au utabadilisha bodi?
• Nitalipa kiasi gani kwa kukipima tu, hata kama hakitapona?
• Ukibadilisha bodi, nitarudishiwa ile ya zamani?

Linganisha bei ya bodi na bei ya kinanda kilichotumika cha modeli hiyo. Ikikaribia nusu, jadilianeni kwanza kwenye kundi.

Andikeni karatasi ya makabidhiano. Iwe na modeli, namba ya kinanda iliyo kwenye kibandiko, vitu vilivyoambatana nacho (adapta, mfuko, stendi), tarehe, gharama mliyokubaliana, na sahihi za fundi na wawakilishi wawili wa kundi. Piga picha kinanda pande zote. Anayekisafirisha abebe kitambulisho chake cha mkimbizi na barua ya kanisa au kundi inayoeleza kwamba kinanda ni mali yao na kinapelekwa kutengenezwa. Barua hiyo hupunguza maswali njiani.

KABLA YA KUSASISHA TENA

Jiulizeni kwanza kama kuna haja. Kama kinanda kinafanya kazi na toleo jipya halitatui tatizo mlilo nalo, hakuna ubaya wa kukiacha kilivyo. Toleo jipya si lazima lilete sauti mpya. Mara nyingi linarekebisha makosa madogo tu.

Mkiamua kusasisha:

• Fanyeni siku ya Jumatatu au Jumanne, kamwe si mkesha wa ibada au harusi. Mkipata tatizo, mtakuwa na siku za kulitatua.
• Hifadhini kwanza midundo, sauti na mipangilio yenu kwenye flashi mbili, na kila flashi ikae kwa mtu tofauti.
• Kundi likubaliane nani atafanya kazi hiyo, na watu wawili wawepo. Kikiharibika, haitakuwa lawama ya kijana mmoja aliyekuwa anajaribu kusaidia.
• Andikeni kwenye daftari: tarehe, toleo la zamani, toleo jipya, na flashi iliyotumika.

MASWALI YANAYOULIZWA MARA KWA MARA

Je, naweza kurudi kwenye toleo la zamani?
Inategemea kampuni na modeli. Vinanda vingine hukubali, vingine hukataa faili lenye namba ndogo kuliko iliyomo. Soma maelekezo ya toleo husika.

Je, nitapoteza midundo yetu?
Kusasisha kwa kawaida hugusa programu, lakini kukishindwa, hakuna uhakika. Kurudisha mipangilio ya kiwandani kunaweza kufuta kila mlichohifadhi. Ndiyo maana nakala mbili ni muhimu.

Je, naweza kutumia betri badala ya adapta?
Usisasishe kwa betri zilizotumika. Zikiisha katikati, utarudi mwanzo wa makala hii.

Kinanda kimerudi lakini hakitoi sauti. Kwa nini?
Angalia kwanza kitasa cha sauti, kisha tundu la spika za masikioni. Plagi iliyosahaulika humo huzima spika za kinanda. Kama bado, rudisha mipangilio ya kiwandani.

Aliyekisasisha alipe?
Hilo ni la kundi kuamua. Tunashauri mpime kinanda kwanza kwa hatua hizi kabla ya kutaja gharama. Huenda dawa yake ni flashi nyingine na faili lililopakuliwa vizuri.